Tairi la Nne

Tairi la kumi na moja nalo Inspekta alilikataa.

Alichuchumaa mbele yake kama alivyochuchumaa mbele ya yale kumi, akapitisha kidole gumba ubavuni, akakwaruza kwa ukucha katikati ya meno ya mpira, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa maandishi. Akanyamaza kidogo ili muuzaji apate wasiwasi. Kisha akainuka, mikono magotini.

“Hili ni la mwaka wa kumi na nne,” alisema. “Kafugie kuku.”

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimtazama Inspekta, akamtazama mkewe, akarudi kwa Inspekta.

“Mzee wangu, mzigo huu nimeufungua juzi.”

“Wewe umeufungua juzi. Tairi limetengenezwa lini? Mimi nimekagua magari miaka thelathini na moja, mwanangu. Muulize yeyote.”

Kweli hakukuwa na haja ya kuuliza. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mkaguzi wa magari ambaye hakuna aliyewahi kumpa hata soda akaipokea, na tangu astaafu jina la kazi lilikuwa limekula jina lake la kuzaliwa. Mkewe naye waliendelea kumwita Mwalimu, kwa vile nusu ya watu wa mji ule alikuwa amewafundisha herufi katika darasa la kwanza. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi chakavu, viatu amevivua, miguu imevimba, mkoba wenye pesa ameukumbatia, na yalikuwa yamemfika kooni.

Ilikuwa Alhamisi. Walikuwa na siku moja tu mbele yao, Ijumaa, kwa sababu Jumamosi saa sita mchana greda lingeingia kwenye kiwanja walichokuwa wakiishi. Waliishi ndani ya tela. Si tela la kubebea mchanga, bali nyumba ya magurudumu manne: chumba kimoja, jiko, na kibaraza cha kukunja. Inspekta alilinunua mnadani kwa kiinua mgongo chake na likasimama miaka sita kwenye kiwanja cha binamu yake. Binamu alikiuza kiwanja kimyakimya kama mtu anayeuza mbuzi wa jirani, na wao walipata habari siku mnunuzi alipokuja na barua. Kitakachokutwa Jumamosi, barua ilisema, kitahesabiwa kifusi. Dada yake Mwalimu alikuwa amewapa nafasi nyuma ya nyumba yake, kilomita sitini kutoka pale, chini ya mteremko mrefu. Dereva wa kuwavuta angefika Jumamosi saa mbili asubuhi, na alishasema kwenye simu kwamba akikuta tela liko juu ya mawe, anageuza gari.

Na tela lilikuwa juu ya mawe. Inspekta mwenyewe ndiye aliyelipandisha kwa jeki, akafungua magurudumu yote.

“Lakini meno yote yapo!” Mwalimu alikuwa amelalamika siku ile. “Haya matairi hayajatembea hata kilomita moja.”

“Tairi halizeeki kwa meno tu. Linazeeka kwa jua.” Akamshika mkono, akamwekea kidole kwenye ubavu wa tairi. Kulikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama za kisigino kisichopakwa mafuta. “Hili ukilibebesha nyumba ukalipeleka mteremkoni, litapasuka kwenye kona ya pili.”

Hapo alikuwa sahihi, na Mwalimu alikubali. Alikuwa sahihi pia kwenye duka la kwanza, walipoletewa matairi mazuri ya gari dogo, ya bei nafuu. Akayakataa kwa sababu mbavu zake ni laini: gari dogo linabeba watu wanne, tela linabeba kitanda, jiko, pipa la maji na makasha matatu ya vitabu vya Mwalimu. Shida ilianza baada ya hapo. Yalipopatikana matairi ya tela yenyewe, ya saizi yenyewe, nayo akayakataa. Hili zee. Lile zee zaidi. Jana, Jumatano, kwa muuzaji aitwaye Kipara, alikataa tairi moja kwa sauti kubwa, akamwita Kipara mwizi mbele ya wateja.

“Baba,” alisema Mwalimu, akivaa viatu, “leo ni Alhamisi.”

“Haraka haraka haina baraka.”

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo. La kwangu limeshaanza.”

Mwenye duka alicheka. “Mama, huyu mzee wako ni mteja au amekuja kunifungia duka?”

Mwalimu aliona haya. Alisimama, na kwa kuwa hakujua aweke wapi macho, aliyaweka kwenye lile tairi lililokataliwa. Inspekta alikuwa amemfundisha kusoma tarehe yake: ndani ya kiduara kirefu kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akasoma. Nne, sifuri, mbili, nne. Wiki ya arobaini, mwaka wa ishirini na nne.

Akasoma tena. Mbili, nne. Si moja, nne.

“Na hili hapa la pembeni?” alimuuliza mumewe polepole.

Inspekta alichuchumaa tena. “Hili la kumi na sita,” alisema kwa uhakika, na uso wake ulielekea tairini, lakini macho yalikuwa yametua pembeni kidogo, kwenye sakafu ya saruji.

Mwalimu aliijua sura hiyo. Kila mwaka darasani kwake alikuwepo mtoto wa namna hiyo: kitabu mkononi, kidole kwenye mstari wa pili, mdomo uko mstari wa tano, anatiririka bila kukwama kwa sababu amekariri ukurasa mzima kwa kumsikiliza mwenzake. Watoto hao ndio waliokuwa wakisoma kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwalimu alimwomba mwenye duka asiyauze yale matatu ya saizi yao mpaka kesho, akamshika mumewe kiwiko, wakaondoka.

*

Nyumbani ngazi ilikuwa ikining'inia hewani kwa sababu ya yale mawe, hivyo waliingia kwa kupanda juu ya kreti la soda. Mwalimu aliweka chai. Kisha akafungua droo ya karatasi, akatoa moja, akampa mumewe aliyekaa dirishani ambako mwanga ulikuwa bado mzuri.

“Hebu nisomee tena hiyo barua ya kiwanja. Nataka kusikia walivyosema kuhusu saa.”

Inspekta aliikunjua, akaishika mbali, akaileta karibu, akasafisha koo. “Unaarifiwa kwamba ifikapo Jumamosi saa sita kamili mchana, mali yoyote itakayokutwa ndani ya mipaka ya kiwanja...” Akaendelea hadi mwisho, bila kuacha neno, hadi kwenye sahihi.

“Umesoma vizuri,” alisema Mwalimu. “Hiyo ni bili ya maji.”

Maji yalikuwa yamechemka mpaka mfuniko unaruka, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuuzima moto.

“Tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Usinifanye mtoto. Tangu lini huoni?”

“Naona. Nakuona wewe umekasirika.” Alijaribu kutabasamu, akaacha. “Vitu vikubwa naona. Vidogo vimekuwa na ukungu katikati. Kama miaka miwili.”

“Miaka miwili!” Mwalimu alikipiga kikombe mezani. “Miaka miwili unafungua gazeti kila asubuhi, unaguna, unasema nchi imeharibika!”

“Si nilikuwa nimeshasikiliza redio.”

Angeweza kucheka, siku nyingine. Leo alikuwa na hasira. “Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema, tungekwenda hospitali. Ungesema, ningekusomea. Badala yake umenizungusha mji mzima siku tatu juani, unakataa matairi usiyoyaona! Unawaita watu wezi!”

“Sasa ulitaka niyakubali?” Na hapo sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. “Nisipoona nifanye nini? Mkaguzi akikataa kitu kizima, watu wanamtukana. Akikubali kibovu, watu wanakufa. Nikiwa sijui, nakataa. Miaka yote ndivyo nilivyofanya kazi, na wewe utakuwa ndani ya gari hilo linalovuta.”

Mwalimu alikwenda kuuzima moto. Alirudi na vikombe viwili, akaketi.

“Kwa nini hukuniambia?”

Inspekta aliikunja bili ya maji mara nne, kwa makini. “Nikishindwa kusoma namba ya tairi, mtaniita nani?”

Mwalimu alimsukumia kikombe hadi kilipogusa vidole vyake, na mumewe akakishika.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda kwa makubaliano. Mwalimu angesoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Inspekta angepapasa, angekunja, angekwaruza, kisha angetoa hukumu. Watu wasingejua. Kwa mwanamke mwenye miwani mambo yalikwenda hivyo. Mwalimu aliinama kana kwamba anafunga kiatu, akanong'ona, “Arobaini, ishirini na nne,” na Inspekta akatangaza kwamba akitazama vizuri leo, kwenye mwanga huu, tairi si baya. Mwenye duka alitingisha kichwa, akaandika risiti. Kufika saa nne walikuwa na matairi matatu kwenye mkokoteni wa kukodi.

Matatu. Duka lilikuwa na matatu tu ya saizi ile.

Walilitafuta la nne mpaka saa nane mchana. Waliingia maduka matano na kibanda cha kuziba pancha. Kulikuwa na ya lori, kulikuwa na ya pikipiki, na mahali pamoja walioneshwa tairi la trekta lililomfika Mwalimu kifuani. Mwenye mkokoteni alianza kuhesabu saa zake kwa sauti. Jua lilikuwa kali, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimemchubua Mwalimu hadi akawa anachechemea.

Kwenye kibanda cha pili cha pancha, fundi alivuta tairi moja kutoka nyuma ya pipa. Saizi yenyewe. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, meno yote yako kamili, na bei yake ilikuwa nusu ya yale mengine. Mwalimu aliinama. Rangi ilikuwa imejaa kwenye tarakimu, akaifuta kwa kidole. Mbili, mbili, moja, tano. Mwaka wa kumi na tano.

Alifikiria saa. Alifikiria greda. Alifikiria kisigino chake, na mteremko ambao ni mrefu, ndiyo, lakini dereva anaweza kwenda taratibu, na tairi moja kati ya manne litakuwa na neno gani.

“Ishirini na mbili,” alinong'ona, “mwaka wa ishirini na tatu.”

Inspekta alipapasa ubavu. Akakunja ukingo kwa viganja vyote viwili. Akaingiza ukucha katikati ya meno, akauvuta polepole, akautoa, akausugua kwenye kidole kingine. Fundi wa pancha alikuwa akimtazama. Inspekta hakuinua uso.

“Soma tena,” alisema.

Hakusema kwa ukali. Ilikuwa sauti ileile ambayo Mwalimu mwenyewe aliitumia darasani kwa mtoto aliyedanganya lakini bado ana nafasi ya kurekebisha, na alihisi damu ikimpanda usoni.

“Kumi na tano,” alisema. “Mwaka wa kumi na tano, baba.”

“Asante.”

Akasimama, akamshukuru fundi, wakatoka. Walikwenda hatua kadhaa nyuma ya mkokoteni. Mwalimu alisubiri kugombezwa. Alikuwa amestahili na alitaka yampate yaishe. Lakini Inspekta alikuwa na lake.

“Lile la Kipara lilikuwa zima,” alisema.

Mwalimu alisimama katikati ya njia. “Lipi? Lile ulilolitupa chini juzi?”

“Kidole kiliniambia. Mpira laini, hauna ufa. Lakini Kipara aliniuliza mbele ya watu, ‘Haya mzee, soma, la mwaka gani?’ Sikuweza kusoma. Nikasema kumi na mbili. Nikaona haya, ndipo nikamwita mwizi.”

Mwalimu alikuwa na maneno mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kweli. Akakumbuka “ishirini na tatu” yake, akayameza.

“Twende,” alisema.

*

Kipara alikuwa na kichwa chenye nywele tele. Jina alilipata zamani alipokuwa na basi dogo, kwa sababu ya matairi yaliyoisha meno aliyokuwa akitembelea. Inspekta ndiye aliyelisimamisha basi hilo wiki tatu kwa tairi moja la nyuma, na Kipara alikosa abiria wake, wakaenda kwa mwingine, hawakurudi. Watu walijua kwamba hajasahau.

Tairi lilikuwa limetundikwa mlangoni. Juu yake, kwa chaki, kwa herufi kubwa: LIMEKATALIWA NA INSPEKTA. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, na mmoja alianza kucheka kabla wazee hawajafika mlangoni.

“Karibuni,” alisema Kipara. “Mmeniletea polisi?”

“Tunalitaka lile,” alisema Mwalimu haraka, akionesha kwa kidole. “Bei ileile ya Jumatano. Tafadhali, mwanangu.”

“Lile? Lile si la mwaka wa kumi na mbili? Mimi si mwizi?” Aligeukia benchi. “Mmesikia? Siuzi kitu kibovu kwa wazee. Labda mzee mwenyewe aseme hapa, mbele ya hawa, kwamba lilikuwa zima.”

Mwalimu alisogea mbele. “Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemsomea vibaya ile namba.”

“Hapana,” alisema Inspekta.

“Ni mimi, nilikuwa nimechoka, nika...”

“Hapana, Mwalimu. Wewe hujui kusoma vibaya.” Mwalimu aliinamisha macho, akikumbuka kibanda cha pancha. Inspekta alivua kofia. Alimtafuta Kipara kwa macho, akamkosa kidogo, akaelekeza uso upande sauti ilikotoka. “Tairi lilikuwa zima. Mimi sioni. Maandishi madogo siyaoni tena, huu mwaka wa pili. Uliponiuliza namba nilishindwa kusema sioni, nikasema wewe mwizi. Wewe si mwizi. Nisamehe.”

Aliyekuwa akicheka benchini aliacha. Kipara alikuwa ameusubiri ushindi huu kwa miaka, na sasa ulipoletwa hakujua aushike vipi. Alichukua tambara, akafuta chaki, akafuta tena mahali palipokwisha kuwa safi. Akalishusha tairi, akaliviringisha hadi kwenye mkokoteni, akataja bei ya Jumatano. Mwalimu akafungua mkoba.

“Mzee,” Kipara alisema wakati mkokoteni unaanza kusukumwa. Alisema kwa sauti ya chini, na kulikuwa na kitu kama matumaini ndani yake. “Lile basi langu. Siku ile ulipolisimamisha. Siku ile ulikuwa unaona?”

Inspekta alivaa kofia.

“Siku ile,” alisema, “nilikuwa naona vizuri sana.”

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Kipara alishika kiuno, akatazama juu, na mwishowe naye akacheka, ingawa si sana.

*

Jumamosi saa tatu kasoro robo tela lilishuka kutoka juu ya mawe. Dereva alizunguka magurudumu manne, akapiga teke moja, akauliza nani ameyakagua.

“Sisi,” alisema Mwalimu.

Kijiko cha mwisho, sufuria ya mwisho na makasha matatu ya vitabu vilikuwa vimefungwa kamba. Greda lilikuwa limeshaegeshwa barabarani, dereva wake anakula mkate. Walikaa watatu mbele, Mwalimu katikati, na mumewe dirishani mkono ukiwa nje, kiganja kimefunguka, kana kwamba kutoka pale angeweza kuyapapasa matairi yanavyokwenda. Mwalimu alikuwa bado amenuna kidogo kwa ajili ya ile miaka miwili ya gazeti, na alikusudia kununa mpaka Jumatatu, siku aliyomwandikishia kwenda hospitali ya macho.

Baada ya kilomita arobaini ardhi mbele yao ilianza kuinama.

“Kuna kibao hapo,” alisema Inspekta. “Naona umanjano wake. Kinasema nini?”

“Mteremko mkali, kilomita nne,” alisoma Mwalimu. “Tumia gia ndogo.”

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akamgeukia dereva. “Umesikia. Gia ndogo.”

Mwalimu alisubiri, akitazama mbele. Gari lilinguruma, likashika gia, na nyumba yao ikawafuata taratibu kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili. Mumewe alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, amefumba macho. Hakumwambia asome tena.